Kuunga Kava la Pikipiki Lililopasuka: Ijue Plastiki Kabla ya Kushika Gundi

Pikipiki ni chombo cha kazi kwa watu wengi katika Afrika Mashariki. Hubeba abiria, hupeleka mazao sokoni, na humfikisha mgonjwa zahanati mahali ambapo gari halipiti. Chombo hicho kinapoanguka, hata kama injini na fremu zimesalimika, mara nyingi makava ya plastiki hupasuka: lile lizungukalo taa, lile la ubavuni chini ya kiti, au ngao ikingayo miguu. Mwenyewe hulifunga kava kwa waya, au hupaka gundi ya dukani juu ya ufa. Baada ya siku chache za kupita katika barabara yenye mashimo, ufa hufunguka tena, nao huwa mrefu kuliko mwanzo.

Jambo hili si la sura tu. Kipande kining'iniacho karibu na usukani chaweza kuuzuia usigeuke, na kikatikacho njiani chaweza kuingia gurudumuni. Kwa hiyo yafaa tujiulize: kwa nini gundi haikushika? Mara nyingi gundi yenyewe haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba plastiki zote ni kitu kimoja.

Minyororo iliyosokotana

Mwaka 1920 mkemia Hermann Staudinger wa Ujerumani alieleza kwamba vitu vya namna hii vimejengwa kwa molekuli ndefu mno, mfano wa minyororo yenye maelfu ya pingili. Wenzake wengi hawakumwamini, lakini ukweli ulidhihirika, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Minyororo hiyo huitwa polima. Plastiki huwa imara kwa sababu minyororo yake imesokotana kama tambi zilizopikwa. Ukiuvuta mmoja, mingine huuzuia.

Plastiki ziko za aina kuu mbili. Aina ya kwanza hufanana na nta: ikipashwa moto hulainika, ikipoa huganda, na kazi hiyo yaweza kurudiwa. Aina ya pili hufanana na yai lililochemshwa: ikishaganda hairudi tena kuwa laini, kwa kuwa minyororo yake imefungamana kwa vifungo vya kikemia. Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni ya aina hii ya pili.

Makava mengi ya pikipiki ni ya aina ya kwanza. Honda Super Cub, iliyotolewa Japani mwaka 1958, ilikuwa na ngao ya miguu iliyotengenezwa kwa plastiki ya polietilini. Siku hizi plastiki mbili ndizo zionekanazo zaidi. Moja ni ABS, ambayo jina lake ni kifupi cha viungo vyake vitatu: akrilonitrili, butadini na stirini. Nyingine ni polipropilini, ambayo alama yake ni PP. Ni ndugu ya ile ifumwayo magunia meupe ya nafaka.

Kuitambua plastiki

Geuza kava na utazame upande wa ndani. Viwanda vingi huchapa alama kama >ABS< au >PP<. Kama alama haipo, chukua kipande kidogo kilichokatika, kikwangue rangi, kisha ukitumbukize katika maji yenye tone la sabuni ili viputo vya hewa visikishikilie. Polipropilini tupu ina densiti ya takriban gramu 0.9 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo huelea. ABS ina takriban gramu 1.05, kwa hiyo huzama. Sasa koroga gramu 150 za chumvi katika lita moja ya maji. Densiti ya maji hayo hufikia karibu gramu 1.09, na kipande cha ABS kitaelea.

Jaribio hili lina mipaka yake. Polipropilini iliyochanganywa na unga wa madini huweza kuzama. Basi thibitisha kwa jaribio la pili: tia tone moja la asetoni upande wa ndani wa kava. ABS hulainika na kunata, polipropilini haibadiliki.

Ncha ya ufa

Kabla ya kuunga, ufa wenyewe uzuiwe usiendelee. Mwaka 1913 mhandisi wa Uingereza, C. E. Inglis, alionyesha kwa hesabu kwamba mkazo hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na ncha ikiwa kali mkazo huzidi. Kwa makadirio, mkazo wa kawaida huzidishwa kwa 1 + 2√(a/r), ambapo a ni urefu wa ufa unaoanzia ukingoni, na r ni nusu kipenyo cha ncha yake.

Tuchukue ufa wa milimita 20 wenye ncha ya nusu kipenyo cha milimita 0.02. Hapo mkazo huzidishwa mara 64 hivi. Sasa toboa mwishoni mwa ufa tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 3. Nusu kipenyo cha ncha kimekuwa milimita 1.5, na mkazo huzidishwa mara 8 tu. Tundu dogo limepunguza mkazo mara nane, wala hakuna kilichoongezwa. Ndiyo sababu fundi stadi hutoboa kwanza. Lakini ni lazima tundu liiondoe ncha yenyewe, maana likitobolewa kabla ya ncha kufikiwa, ufa utaendelea pembeni mwake.

Kuunga ABS

Osha kava kwa maji ya sabuni, likauke kabisa. Chonga kingo za ufa upande wa ndani ziwe na mfereji wenye umbo la herufi V, kisha uzisugue kwa msasa. Katakata vipande vidogo vya ABS, hasa kutoka kava bovu la aina hiyo hiyo, uvitie katika chupa ya kioo na kuvimiminia asetoni kiasi cha kuvifunika. Funika chupa. Baada ya saa kadhaa vitakuwa kama uji mzito.

Bana ufa kwa utepe upande wa nje, kisha jaza uji huo katika mfereji kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Asetoni hulegeza minyororo ya kingo zote mbili, nayo husokotana na ile iliyomo katika uji. Asetoni ikishafukika, panabaki ABS tupu. Hapa hatukubandika kitu kigeni juu ya plastiki. Tumeifanya plastiki ijishike yenyewe. Liache kava lipumzike saa 24 au zaidi, kwani kiungo kinachoonekana kikavu kwa nje huweza kuwa bado laini kwa ndani.

Kuunga polipropilini

Kwa polipropilini asetoni haifai, na gundi nyingi za kawaida hubanduka, kwa kuwa uso wake hauzivuti. Njia ni joto. Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi za Selsiasi. Tumia chuma cha kulehemu cha umeme, kile watumiacho mafundi redio, pamoja na ukanda uliokatwa kutoka polipropilini nyingine. Yeyusha kingo na ukanda kwa pamoja ili vichanganyike. Ukiyeyusha ukanda peke yake na kuumwaga juu ya kingo baridi, utabanduka kama nta iliyodondokea sahani. Mahali penye mkazo mwingi, kwa mfano kando ya tundu la skrubu, zamisha kipande cha wavu mwembamba wa chuma upande wa ndani. Plastiki ikianza kutoa moshi au kuwa kahawia, joto limezidi na minyororo inakatika. Acha kiungo kipoe polepole, bila kumwagiwa maji.

Tahadhari

Mvuke wa asetoni hushika moto hata katika hali ya baridi, chini ya nyuzi sifuri. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na injini yenye moto. ABS isiunguzwe kamwe, kwa sababu moshi wake huweza kuwa na gesi ya sumu ya sianidi. Macho yakingwe, na watoto wakae mbali.

Liko na jambo kubwa zaidi. Kofia nyingi za kuendeshea pikipiki zina gamba la ABS, na mtu aliyejifunza kuunga kava aweza kushawishika kuunga na kofia. Asifanye hivyo. Kofia hufanya kazi yake kwa kupasuka na kubonyea, hasa sponji ngumu ya ndani, ili nguvu ya pigo isifike kichwani. Ikishapokea pigo moja sponji hiyo imekwisha kazi, hata kama gamba linang'aa. Na asetoni huweza kuiyeyusha na kulidhoofisha gamba lenyewe. Kava lililoungwa likivunjika, hasara ni kava. Kofia iliyoungwa ikivunjika, hasara ni maisha.

Shuleni

Mwalimu wa fizikia aweza kutumia vipande vya makava mabovu kufundishia densiti, na mwalimu wa kemia kufundishia viyeyushi na polima. Wanafunzi wakusanye vipande kutoka kwa mafundi wa jirani, wavigawe kwa jaribio la maji matamu na maji ya chumvi, kisha walinganishe majibu yao na alama zilizochapwa. Halafu wakate vijiti viwili vilivyo sawa vya ABS. Kimoja wakiunge kwa gundi ya kawaida, cha pili kwa uji wa asetoni mbele ya mwalimu. Kesho yake wavitundike mizigo inayoongezeka hadi vikatike, na waandike ni kipi kilikatikia kwenye kiungo na kipi kilikatikia pengine.