KWA NINI SHOFERE WA TAKSI ANAKIMBIZA SANA?

Msomaji, umekwisha kuketi ndani ya taksi ya mji mkubwa. Magoti yako yamebanana na magoti ya jirani, na shofere anakimbiza motokari kama mtu anayefuatwa na simba. Watu wanasema, "Huyu ana kichwa kibaya." Pengine ni kweli. Lakini munganga hatibu homa pasipo kuuliza imetoka wapi.

Katika Kinshasa, Lubumbashi, Goma na miji mingine, mashofere wengi hawana motokari yao wenyewe. Kila jioni shofere lazima amletee mwenye motokari feza waliyopatana, ndiyo inayoitwa kwa Kifaransa versement. Mvua ikinyesha, hesabu ni ileile. Njia ikizibwa na malori, ni ileile. Mara nyingi mafuta pia analipa yeye, na pengine kitu cha kumpa polisi wa barabarani. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Basi tangu asubuhi anamfanyia kazi bwana, na jua likiinama ndipo anaanza kujifanyia kazi yeye mwenyewe. Hapo anakanyaga.

Fikiri tena juu ya kituo. Taksi inangoja mpaka nafasi zote zijae, hata nusu saa. Shofere anataka kuirudisha nusu saa hiyo njiani. Mbele yake anaona taksi nyingine. Akiipita, watu wa kituo kinachofuata ni wake. Asipoipita, atakuta kituo kitupu. Kwa hiyo wanashindana, ijapokuwa hawana chuki wao kwa wao.

Tena kuna usingizi. Wengi wanaanza kazi kabla ya jua kutoka na kumaliza usiku. Waganga wamepima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 anakuwa mzito wa macho na mikono kama mtu aliyekunywa pombe.

Na sisi abiria je? Tunapiga kelele, "Upesi, nimechelewa!" Watu wa Kinshasa waliyapa mabasi madogo ya Mercedes 207 jina la Esprit de mort, maana yake roho ya mauti. Walicheka, kisha wakapanda.

Sasa sikia habari za mwili. Motokari yenye mwendo wa kilometa 60 kwa saa inapita zaidi ya metre 16 kila sekunde. Shofere akimwona mtoto njiani, sekunde moja inaisha kabla mguu wake haujagusa freni. Pigo la mwendo huo ni kama kuanguka toka juu metre 14. Kwa mwendo wa kilometa 30, ni kama metre 3 na nusu tu. Umeona? Mwendo ukiwa mara mbili, pigo linakuwa mara nne. Mfupa wa paja unavunjika. Wengu unapasuka, na damu inamwagika ndani ya tumbo pasipo kuonekana nje; mgonjwa anasema, "Mimi ni mzima," na baada ya saa chache amekufa.

Nawe uliye na motokari ya taksi, maana wako hata katika kanisa, umepanga versement gani? Ukimpa shofere mshahara wa mwezi, au mkigawana mapato ya siku kwa sehemu, siku ya mvua mtapungukiwa wote wawili, naye hatakuwa na sababu ya kukimbia usiku ili kuijaza hesabu yako. Umwachie siku ya kulala. Na freni zitengenezwe kwa feza yako, si kwa yake.

Wewe abiria, sema mapema, kabla taksi haijaondoka: "Papa shofere, sisi hatuna haraka." Usingoje mpaka anapita lori kwenye kona. Jirani wakiitikia, mara nyingi atasikia. Akikataa, shuka kwenye kituo kinachofuata, hata kama nauli yako imepotea.