Mjumbe Anayechelewa Kwenye Maji

Kitendawili!

Tega!

Nina mjumbe haonekani. Huingia ardhini bila jembe. Akipita pakavu hurudi upesi, akikuta maji hukawia.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Tanga? Ahsanteni, nimeupokea. Jibu ni wimbi la rada.

Wapimaji wa udongo wana kifaa kiitwacho rada ya kupenya ardhi: sanduku lenye antena, hukokotwa juu ya shamba huku likitupa mapigo ya mawimbi ya redio kwenda chini. Wimbi likigonga jiwe, bomba au tabaka jingine la udongo, sehemu yake hurudi juu, na mashine huandika limetumia muda gani njiani.

Hewani wimbi hilo huenda kwa kasi ya mwanga: sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Kwenye mchanga mkavu huenda kama sentimita 15. Mchanga ukiwa chepechepe, kama 6 tu!

Maji yanamcheleweshaje mjumbe wetu? Kila molekuli ya maji ina upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi. Wimbi likipita, molekuli hizo hujigeuza kulifuata, na huko kugeuka ndiko kunakolipunguza kasi. Chembe za mchanga hazijigeuzi hivyo.

Sasa tupige hesabu. Tumefukia bamba la chuma mita 1 chini ya mchanga. Wimbi litashuka sentimita 100, litapanda 100. Mchanga ukiwa mkavu, safari nzima ni kama nanosekunde 13. Ukiloa wote, kama 33. Bamba liko palepale, kilichoongezeka ni maji. Mwaka 1980 watafiti Topp, Davis na Annan wa Kanada walichapisha mlinganyo ambao wapimaji hadi leo huutumia kukadiria kiasi cha maji kutokana na ucheleweshaji huo.

Shamba likimwagiliwa, rada hupitishwa palepale mara kwa mara. Wakati mwingine hata mpaka kati ya udongo uliolowa na mkavu hurudisha wimbi, na mpimaji akaona maji yanavyoteremka. Angechimba shimo, angeiharibu njia ileile ya maji anayotaka kuijua.

Lakini mjumbe huyu ana mahali panapomshinda. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu na ardhi ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na humo wimbi hufifia kabla ya kufika mbali. Hapo mpimaji hurudia njia ya zamani: huchota udongo, huupima uzito, huukausha kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi, kisha huupima tena. Uzito uliopungua ndio maji.