Umri wa Makamo si Umri wa Kujificha

Mahindi yakishavunwa na baridi ya Juni ikishaingia, mji wa Songea huwa na sherehe nyingi. Kadi za harusi na za kuwaaga mabinti hupita kutoka nyumba hadi nyumba, toka Mfaranyaki mpaka Bombambili, na kumbi hazilali siku ya Jumamosi. Ni wakati wa furaha. Hata hivyo, katika nyumba nyingi kadi hizo huleta swali ambalo mama wa miaka arobaini na mitano au hamsini hujiuliza kimya kimya: nitavaa nini? Na mara nyingi jibu lake ni kubaki nyumbani.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatukubaliani nao. Mfanyakazi aliyesimama darasani, wodini au sokoni miaka ishirini na zaidi ana haki ya kutoka jioni moja akafurahi na wenzake. Ikiwa kinachomzuia ni aibu ya mwili wake, au maneno ya watu, au bei ya kitambaa, basi jambo hilo latuhusu sote.

Kwanza tuondoe fikira kwamba kujipamba ni kazi ya vijana peke yao. Wazee wetu wa mkoa huu hawakufikiri hivyo. Wacheza mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walijipanga kwa safu kama askari, nguo zao safi na zimenyooshwa kwa pasi, na watu wazima walikuwa miongoni mwao. Kioda, ngoma ya wanawake wa mwambao huo huo, nayo huchezwa kwa sare. Wachezaji hao walivaa ili waonekane, na hakuna aliyewaambia kwamba umri wao umepita.

Pili, tukumbuke kwamba nchi hii imekwisha kujaribu kuwachagulia wanawake nguo kwa nguvu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969 mjini Dar es Salaam, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Kabla hata siku hiyo haijafika, vijana wa kiume walikwisha kuwavamia wanawake barabarani na katika mabasi. Heshima iliyokusudiwa kulindwa ikavunjwa na wale wale waliojifanya walinzi wake. Funzo ni kwamba mtu mzima hachaguliwi nguo kwa kelele za barabarani. Na kelele za leo, za kusema "mama mzima yule, anavaa nini!", ni watoto wa kelele zile za 1968.

Basi achague mwenyewe. Lakini achague kwa maarifa, maana mwili wa umri huo si ule wa miaka ishirini, wala si kosa la mtu yeyote. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na katika miaka hiyo mafuta ya mwili huhama kutoka nyongani kwenda tumboni. Nguo iliyokaa vizuri zamani haiwezi kukaa vile vile sasa. Wengine hukimbilia gauni pana kama hema, wakidhani linawaficha, kumbe linawafanya waonekane wakubwa kuliko walivyo. Wengine huazima gauni la binti yao, wakakaa jioni nzima wakilivuta chini. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba cha kuazima hakisitiri maungo.

Njia ya katikati iko kwa fundi cherehani, na hapa Songea mafundi hatuna uhaba nao. Msingi wa nguo ni mabega. Mshono wa bega ukikaa mahali pake, nguo yote hutulia. Ukishuka mkononi, hata kitambaa cha bei kubwa huonekana cha kuokota. Fundi apime kwa futikamba mwili ulioko leo, asinakili gauni la zamani. Nguo ifuate kiuno bila kukibana, kisha ishuke kwa ulaini juu ya tumbo na nyonga. Kitenge chenye ua kubwa kina hila yake: ua likiangukia katikati ya tumbo, macho yote yatakwenda huko. Mwambie fundi, kabla hajashika mkasi, aliweke ua hilo kifuani upande mmoja, au chini karibu na pindo. Jambo hili halina gharama yoyote zaidi ya kusema mapema.

Kitambaa nacho kichunguzwe. Vuta uzi mmoja ukingoni, uuchome. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba; ukiyeyuka na kuacha tone gumu, hiyo si pamba. Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, maana hupungua ikiingia majini. Na kwa mama wa umri tunaousema pamba ina faida nyingine, kwa sababu joto la ghafla linalompanda mwilini halichagui mahali; laweza kumjia ukumbini katikati ya nyimbo. Lakini Songea iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli. Dawa ni gauni la pamba la mikono ya wastani, na juu yake shali au koti jepesi la kuvua na kuvaa. Viatu navyo viwe vya kisigino kifupi na kipana, vya mtu atakayecheza na kisha kurudi kwa miguu katika njia ya changarawe.

Kabla ya kumlipa fundi, vaa nguo hiyo, kaa kitini, inua mikono, cheza hatua mbili. Ikikubali yote matatu, ichukue.

Wala akina baba wasicheke. Suruali iliyofungwa chini ya kitambi, na shati linalokaza vifungo, havimpi mtu heshima. Suruali ikae kiunoni penyewe, urefu wake uishie kiatuni, na koti lifungike bila kuvutwa. Mtumba ukipelekwa kwa fundi ukapunguzwa mabega na mikono, waweza kushinda suti mpya isiyopimwa.

Sasa tuseme lile linalotuuma zaidi. Kamati nyingi za sherehe siku hizi huchagua kitambaa kimoja cha sare, hutaja duka na bei, na asiyekinunua huonekana hakushiriki. Mwenye mshahara mdogo hulipa mchango, hulipa sare, hulipa mshono, na mwezi haujafika katikati. Akialikwa sherehe tatu katika msimu mmoja, ana vitambaa vitatu ambavyo hatavivaa tena, na deni. Walio na umri wa miaka hamsini wanajua nguo ilivyokuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla serikali haijaruhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Wanajua thamani ya gauni moja lililotunzwa. Leo maduka yamejaa, na bado mama yule anakosa harusi ya mtoto wa jirani yake kwa ajili ya yadi chache za kitambaa!

Shauri letu ni jepesi. Kamati zitaje rangi, zisitaje duka. Zikisema bluu, mwenye kitenge cha bluu cha mwaka jana atakivaa, mwenye doti mpya ya kanga ya bluu atajifunga, na mwenye uwezo wa kununua atanunua. Picha zitapendeza vile vile, na ukumbi utajaa watu badala ya kujaa madeni.

Na wewe ndugu wa makamo, ukipata kadi, usiiweke chini ya godoro. Peleka kitambaa kwa fundi wiki tatu kabla, si siku mbili. Wenzako wanataka kukuona wewe kwanza, nguo baadaye.