Begi la Kilimanjaro: Kipi Mgongoni, Kipi kwa Mpagazi

Getini Machame, kabla mtu hajaingia msituni, mizigo hupimwa. Wapagazi wanapanga foleni, mizani inasoma, na kila begi linainuliwa mbele ya mwenyewe. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebeshwe mzigo wa zaidi ya kilo 20. Ndiyo maana mawakala wengi humwambia mteja mapema kuwa begi lake lisizidi kilo 15, kwani vifaa vya kambi navyo vinasubiri wabebaji. Hapo mizanini ndipo wengi wetu tunaopanda kwa mara ya kwanza tunapogundua kuwa tulipakia kwa woga.

Woga hujaza begi haraka sana. Mtu amesikia habari za baridi, basi anatia majaketi matatu mazito. Amesikia habari za mvua, anaongeza viatu jozi ya tatu. Anajiuliza swali moja tu: je, nimesahau nini? Kwa safari ya mlimani swali hilo halimfikishi mbali. La kumsaidia ni hili: kitu hiki nitakihitaji saa ngapi, na saa hiyo kitakuwa kwa nani?

Maana mlimani mtu ana mabegi mawili, na mabegi hayo hayatembei pamoja. Lile kubwa hubebwa na mpagazi. Asubuhi wewe unaondoka kambini, yeye anabaki kukunja hema. Baada ya saa moja au mbili anakupita njiani, na unapofika kambi inayofuata jioni unakuta amekwisha fika. Kuanzia kifungua kinywa hadi magharibi huna njia ya kulifikia begi hilo. Mvua ya msituni ikikushika saa nne asubuhi, na koti la mvua umelipanga vizuri kabisa chini ya nguo za kulalia, utalowa, na koti litafika kambini likiwa kavu.

Kwa hiyo begi dogo la mgongoni ndilo la kufikiriwa kwanza. Kinachokaa humo ni kile ambacho saa kumi zijazo zinaweza kukidai: koti la mvua, sweta moja, kofia, glavu nyepesi, miwani ya jua, mafuta ya kujikinga na jua, dawa zako binafsi, kitu cha kutafuna, simu na nyaraka. Halafu maji. Lita 3 za maji ni kilo 3 kamili, na hizo hazipunguzwi, kwa sababu mwili hupoteza maji mengi kwenye hewa kavu ya juu. Chupa ziwe za kudumu. Zile za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini. Ukijumlisha, begi hilo linafika kilo 6 au 7, na utalibeba mwenyewe kwenye hewa inayozidi kuwa nyembamba. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea Dar es Salaam.

Tuje kwenye nguo, ambako kosa kubwa ni kudhani kwamba joto linatokana na uzito. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kiasi cha mita 5,000, yaani tofauti ya nyuzi 30. Mji ukiwa na nyuzi 28 mchana, huko juu ni chini ya sifuri, na usiku wenye upepo unaweza kushuka hadi 15 chini ya sifuri au zaidi. Lakini safari hiyohiyo inapita kwenye msitu wenye joto na unyevu, ambako utatoka jasho ukiwa na fulana moja. Jaketi moja zito haliwezi kuzihudumia hali hizo zote. Tabaka nne nyembamba zinaweza: fulana ya kukausha jasho, sweta jepesi la manyoya laini, jaketi la kutunza joto, na juu yake koti la kuzuia upepo na mvua. Unavua moja, unavaa mbili. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya tabaka hizo.

Hapa pamba ndiyo adui. Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ukisimama kupumzika, maji yale yanaanza kunyonya joto la mwili, na kwenye mwinuko wa mita 4,000 mtu anaweza kutetemeka jua likiwa linawaka. Suruali ya jinzi ni pamba vilevile, nzito zaidi, na ikilowa haikauki hadi unateremka. Poliesta na sufu hazina tabia hiyo.

Habari njema ni kwamba nguo hizi hazihitaji duka la kifahari. Nenda soko la mitumba la Memorial, pale Moshi, ukiwa na subira na macho ya kusoma lebo ndogo ya ndani. Ikisema pamba, rudisha. Ikisema poliesta au sufu, anza kuulizia bei. Vifaa vikubwa kama mfuko wa kulalia, fimbo za kutembelea na jaketi la kilele hukodishwa mjini, na kwa maoni yangu kukodi ni busara kuliko kununua kitu cha siku 6. Viatu tu ndivyo nisivyoshauri mtu akodi. Buti ziwe zako, ziwe zimekwisha tembelewa wiki kadhaa, na kama unatoka mbali kwa ndege au basi, zivae miguuni badala ya kuzitia kwenye begi: begi likipotea, vyote vingine vinapatikana Moshi kwa siku moja, ila si kiatu kilichoujua mguu wako. Na kata kucha za miguu kabla ya kuondoka. Wakati wa kuteremka vidole hugonga mbele ya kiatu kwa saa nyingi, na kucha ndefu humfanya mtu alie.

Usiku wa kilele una mzigo wake peke yake. Wengi huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane, wanafika juu alfajiri. Jaketi nene, glavu nzito na soksi za sufu hukaa siku nne ndani ya begi bila kuguswa, zikisubiri saa saba hivi za usiku huo. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na usizivae kambini hata baridi ikikushawishi, maana zikilowa hakuna pa kuzikausha. Simu na betri za tochi ya kichwani ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi huua chaji. Chupa ya maji ipinduliwe kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na ukiipindua, mdomo wa chupa unabaki wazi. Ukitumia mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea, jua kuwa mpira huo huganda mapema zaidi.

Kukosa kifaa cha saa ile moja si jambo dogo. Mjerumani Hans Meyer alipanda mwaka 1887 akafika kwenye barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, akageuka, kwani hakuwa na vifaa vya kupita barafuni. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa na vifaa hivyo, na alikuwa na kambi zilizoletewa chakula na wapagazi kutoka Marangu, hivyo jaribio moja likishindikana hawakulazimika kuteremka hadi chini. Tarehe 6 Oktoba walisimama kileleni.

Vya kuacha nyumbani havihitaji maelezo marefu: taulo kubwa, manukato, kompyuta, vyakula vya makopo (mpishi amebeba vya kutosha), na nguo za kubadilisha kila siku. Hakuna kuoga huko juu, na hakuna atakayekukagua.

Ninalotaka ulikumbuke unapofunga zipu ni shingo ya kijana anayekubebea begi. Anapita mwamba wa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, begi lako likiwa kichwani pake na nguo zake mgongoni, na ni lazima awahi kufika kuliko wewe. Basi lipime begi nyumbani. Simama nalo kwenye mizani, kisha simama bila hilo begi, toa tofauti. Ikizidi 15, fungua, na anza na ile jinzi.