Hela Iko Tabora, Simu Iko Kariakoo: Utume au Usitume?

Tangazo umeliona usiku, umeshajilaza kitandani. Simu kali, picha tatu, kioo kinang'aa, na chini yake maneno matamu: imetumika miezi miwili tu, haina hata mchubuko, bei ya kutupa. Ukikumbuka bei uliyotajiwa dukani hapa mjini, usingizi unakata. Muuzaji yuko Dar es Salaam, wewe uko Isevya au Ng'ambo, na tayari kakwambia kuna wateja wengine wawili wanaitaka. Sasa dada yangu, kaka yangu, hela utume au usitume?

Tusidanganyane, mpenzi msomaji. Hatuwezi kukukataza kununua mtumba wakati wengi wetu tumevaa mtumba hivi tunavyoongea. Kuna vijana wanasoma chuo mpaka wanamaliza kwa kompyuta mpakato iliyotumika, na kuna nyumba zenye televisheni ya mkono wa pili inayodunda miaka nenda rudi. Kitu kutumika si dhambi. Swali la kujiuliza ni moja tu: kabla hela yako haijatoka, nani amekiona kitu hicho kwa macho yake?

Bei rahisi ina sababu

Chukua kalamu. Tuseme simu dukani ni shilingi 400,000 na mtandaoni ni 250,000. Unaona umeokoa 150,000. Haya, weka nauli ya mzigo. Weka betri, maana betri ya simu huchoka kadiri inavyochajiwa, na iliyokaa mfukoni mwa mwenzio miaka miwili haiwezi kuwa kama mpya. Weka siku utakayokwenda kwa fundi. Juu ya yote, dukani ulikuwa na risiti na mtu wa kumrudia. Kwa muuzaji wa mtandaoni una namba ya simu tu, na namba inaweza kuzimwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo ile 150,000 si zawadi. Ndiyo malipo yako ya kubeba hatari ambayo mwenye duka angeibeba. Hatari ukiweza kuipunguza, biashara inalipa. Usipoweza, bora ujipange ununue dukani, hata kama ni mwezi ujao.

Njia ni ileile

Sisi wa Tabora shida hii ya kulipia kitu kilicho mbali hatukuianza leo. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wafanyabiashara wa Zanzibar walikopesha vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba, wapagazi wengi wao Wanyamwezi wakavibeba kwa miguu kwa miezi, halafu deni lilipwe kwa pembe za ndovu. Ilikuwa pia biashara ya watumwa, yenye machozi mengi, na hatuisifii hapa. Lakini kuhusu kutuma mali mbali ina la kutufundisha.

Chukua shanga. Rangi iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili. Aliyenunua Zanzibar kwa kupendezwa na macho tu angeweza kufika bara na mzigo usiomfaa. Ndiyo maana Stanley, kabla ya kuanza safari yake mwaka 1871, aliwauliza kwanza wafanyabiashara waliokuwa wanaijua njia.

Halafu kuna kisa cha Livingstone. Oktoba 1871 alifika Ujiji akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Kumbe aliyekabidhiwa mzigo alikuwa ameshauuza wote! Baadaye yeye na Stanley walikuja mpaka Kwihara, hapa jirani na mjini. Stanley akashuka pwani, akachagua watu na kuwatuma na mzigo mwingine, na Agosti 1872 ukafika. Livingstone ndipo akaondoka. Tembe la Kwihara limehifadhiwa mpaka leo kama makumbusho.

Umeona tofauti? Njia ileile, mwenye mali yuleyule. Mara ya kwanza mzigo ulikabidhiwa mtu asiyeaminika. Mara ya pili watu walichaguliwa kwanza, mzigo ukafuata. Mtandao umeleta picha ya simu mpaka kitandani kwako, lakini kilomita zaidi ya 800 kati yako na Kariakoo ziko palepale.

Tafuta macho yako Dar

Ni familia chache za Tabora zisizo na mtu Dar. Shangazi yuko Mbagala, rafiki mliyesoma naye Milambo au Tabora Girls anafanya kazi mjini. Huyo ndiye macho yako. Mwombe akutane na muuzaji mchana, mahali penye watu na penye umeme, ikiwezekana aende na fundi simu anayemjua. Mlipe fundi chochote kwa usumbufu. Elfu kumi ya fundi inaweza kukuokolea laki mbili na nusu.

Hela itoke baada ya kukagua, siyo kabla. Tovuti ya Jiji, ambayo mwaka 2019 ilichukua biashara ya OLX hapa Tanzania, nayo inawaambia wateja wake wasilipe kabla ya kupokea kitu. Anayekwambia tuma kwanza na ya kutolea weka, mwache aendelee na wale wateja wake wawili.

Huna mtu Dar? Basi tafuta muuzaji aliye Tabora hapahapa, hata akizidisha kidogo. Mkutane karibu na soko au stendi, uishike simu kwa mikono yako. Ile nyongeza ndiyo bei ya kulala usingizi.

Mkague hivi

Simu. Bonyeza *#06# zitokee namba za utambulisho, IMEI. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na ndani ya simu yenyewe. Zikipishana, ondoka. Usisahau usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozima simu feki nchi nzima. Wengi walikuwa wamezinunua kwa hela halali kabisa. Wakati ule wananchi waliambiwa watume namba hiyo kwenda 15090 kuhakiki, wengine wakapuuza mpaka simu zikakata.

Kisha muuzaji aifute simu yote mbele yenu na kuiwasha upya. Ikidai nywila ya akaunti ya mtu mwingine, hiyo bado ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa anaitafuta polisi. Weka laini, piga, pokea, piga picha, chomeka chaji.

Kompyuta. Chomoa waya uiache itumie betri kwa nusu saa. Bonyeza kila herufi. Angalia kama inafunguka bila kudai nywila ya kampuni au shule fulani.

Televisheni na vyombo vya jikoni. Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kitu kilichotengenezwa kwa soko la Marekani pekee kinaweza kuwa cha volti 120, na ukikichomeka hivihivi utasikia harufu kabla hujaona picha.

Mwisho andikianeni. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya kifaa, tarehe, sahihi na shahidi. Asiyekuwa mwenye mali, kwa kawaida, hawezi kukupa haki ya kuimiliki hata ukimlipa. Na Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa anayepokea mali akijua ni ya wizi. Karatasi hiyo ndiyo ya kwanza utakayoulizwa.

Hela hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo panapouma. Mara nyingi hela ya kununulia si ya mtu mmoja. Ni ya kikoba, ni ya mauzo ya tumbaku, ni akiba mliyoiweka wawili kwa ajili ya ada. Bwana anaona tangazo usiku, anatuma asubuhi, anataka kumfurahisha mama watoto. Simu haiji, naye anakaa kimya. Anaanza kukasirika ovyo, chakula hakina chumvi, watoto wanapiga kelele. Mke anadhani kuna mwanamke mwingine, kumbe kuna tapeli.

Kuibiwa kunauma, lakini kunapita. Kuficha ndiko kunakokaa ndani ya nyumba. Wekeaneni utaratibu: kiasi fulani kwenda juu hakitumwi mpaka wote wawili wamelala nacho usiku mmoja. Tapeli anaishi kwa haraka yako. Usiku mmoja unatosha kumvunja nguvu.

Na wewe unayeuza simu yako ya zamani ili uongezee hela, umeifuta? Picha zako za faragha na meseji za mpenzi wako zisije zikafika Igunga kabla yako. Toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti, kisha futa kila kitu.

Ukiona haya, kimbia

Bei iko chini mno kuliko matangazo mengine ya simu hiyohiyo. Muuzaji hataki simu ya video. Mwombe akuonyeshe kitu kikiwa juu ya gazeti la leo, aanze visingizio. Jina linalotokea unapotaka kutuma pesa si lile alilokutajia. Hata likilingana usibweteke, kwani laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Mahali pa kukutana panabadilika kila saa. Na anakuharakisha, anakuharakisha.

Kama umeshatuma na moyo umeanza kudunda, usikae kusubiri huruma yake. Pigia kampuni ya simu papo hapo uombe muamala uzuiwe, kabla hela haijatolewa. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, hifadhi meseji zote, nenda polisi. Kisha mwambie mwenzio, usiku huohuo.

Utume au usitume?

Kama kuna mtu unayemwamini ameishika, ameiwasha, imefutwa mbele yake na karatasi imeandikwa, nunua na uitumie kwa raha zako. Kama ulichonacho ni picha tatu na sauti tamu, usitume, hata ukiambiwa imebaki moja. Simu nzuri itatangazwa tena wiki ijayo. Laki mbili na nusu yako, mpenzi msomaji, haitatangazwa popote.