Mishipa Iliyovimba Miguuni (2): Vali Zinapolegea

Wiki iliyopita tulitaja dalili: miguu mizito jioni, vena za buluu zilizojipindapinda kwenye shavu la mguu. Leo tutazame chanzo na tiba.

Damu iliyofika vidoleni haina budi kupanda tena hadi moyoni. Kila unapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena, na ndani yake mna vali ndogo zinazofungukia juu tu. Hieronymus Fabricius wa Padua alizieleza vali hizo mwaka 1603; mwaka 1628 mwanafunzi wake, William Harvey, akazitumia kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini. Zikilegea, damu hurudi chini na kutuama, na vena hutanuka. Hapo hakuna "damu chafu" ya kutolewa. Chale na kuumika havirudishi vali, na kuuchanja mshipa uliojaa hivyo ni kutafuta balaa.

Ugonjwa huu hufuata ukoo. Mimba, umri, unene na kazi ya kusimama kutwa huuchochea. Baada ya kujifungua, vena nyingi hupungua zenyewe.

Tiba ya kwanza ni kutembea, kulala miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo, na soksi za kubana zinazovaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Soksi hizi hudharauliwa, na kwa joto la Mombasa simlaumu mtu, lakini hupunguza uvimbe kuliko marhamu yoyote ya mtaani. Mwenye kisukari au mvutaji sigara apimwe kwanza ateri za miguu, kwani zikiwa nyembamba soksi zitamdhuru.

Vena yenyewe zamani iling'olewa kwa upasuaji. Siku hizi daktari huiona kwa ultrasaundi, akaiunguza kwa ndani kwa leza, au akaiziba kwa sindano ya dawa yenye povu. Damu hupitia vena za ndani zaidi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ngozi ikiwa nyeusi karibu na kifundo, usingoje kidonda. Mshipa ukipasuka, lala, inua mguu, bana kwa kitambaa safi, usifunge kamba. Na mguu mmoja ukivimba ghafla kwa maumivu, wahi hospitali leo leo: huenda damu imeganda, na bonge hilo likifika mapafuni huua.