Mwiko wa Mkasi: Desturi za Watunza Karatasi za Kadi za Besiboli

Miongoni mwa Wamarekani wanaokusanya kadi za zamani za besiboli, wamo wachache wasioridhika na kadi moja moja. Hao hutafuta karatasi kubwa ambayo kadi zilipigwa chapa, ikiwa nzima kama ilivyotoka mtamboni, wachezaji wamepangwa safu kwa safu na alama za wapiga chapa zingali pambizoni. Hutafuta pia prufu, yaani nakala za majaribio zilizotolewa ili kukagua rangi, picha na majina kabla ya kazi yenyewe kuanza. Vitu hivi havikukusudiwa kuonekana nje ya kiwanda. Lakini kwao ndivyo vyenye heshima kubwa, na kwa ajili ya vitu hivyo wamejiwekea adabu, miiko na njia za kurithishana maarifa. Nawaheshimu kwa jambo moja hasa: wanaithamini karatasi kwa habari iliyobeba, hata pale ambapo kuikata kungewaletea fedha zaidi.

Kadi zenyewe zilianza kama chambo cha biashara. Kati ya mwaka 1909 na 1911, American Tobacco Company ilitia kadi ndogo za wachezaji ndani ya pakiti za sigara kama Piedmont na Sweet Caporal; seti hiyo leo inaitwa T206. Miaka ya 1930 kampuni ya Goudey ya Boston iliuza kadi pamoja na chingamu, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja kampuni za Bowman na Topps, hao wa pili wakiwa ni wale wale wa Brooklyn waliotengeneza chingamu ya Bazooka. Kiwandani, karatasi ya majaribio au iliyoingia dosari ilikuwa taka. Zilizopona zilipona kwa bahati tu: mfanyakazi alipeleka moja nyumbani, au ofisi ilisahau kusafisha kabati. Mwaka 1989 Topps yenyewe iliwapa Guernsey's wa New York kazi ya kunadi michoro ya awali na masalia mengine ya hifadhi yake, na mengi yaliyokuwa yamefungiwa kabatini yakaingia mikononi mwa wakusanyaji.

Karatasi nzima inajua nini ambacho kadi moja haijui? Inajua hesabu. Fungu la mwisho la kadi za Topps za mwaka 1952 linaanzia namba 311 hadi 407, jumla kadi 97. Karatasi ilikuwa na nafasi 100, safu kumi za kadi kumi kumi. Nafasi tatu zilizobaki zikajazwa kwa kuwarudia wachezaji watatu: Mickey Mantle, Jackie Robinson na Bobby Thomson. Mantle huyo, namba 311, ndiye ambaye kadi yake moja iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Fungu zima ni adimu, kwani mwaka 1960 Sy Berger wa Topps aliamuru shehena ya kadi zilizododa ikamwagwe katika bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, ndani ya fungu hilo Mantle alichapwa mara mbili kuliko majirani zake wengi, na mkusanyaji akiigeuza kadi ataona ushahidi: namba imeandikwa ndani ya mchoro wa mpira, na mishono ya mpira huo katika nakala za aina moja imeelekea kulia, na katika nyingine kushoto. Nafasi mbili kwenye karatasi, michoro miwili.

Hesabu za namna hii ndilo somo la kwanza la mgeni katika jamii hii. Ataambiwa kwamba seti ya Topps ya mwaka 1978 ina kadi 726, na karatasi ilibeba kadi 132. Karatasi sita zina nafasi 792; kwa hiyo kadi 66 zilichapwa mara mbili, na ndiyo maana hizo ni rahisi kuzipata. Kisha atasimuliwa kisa cha Goudey. Seti yao ya mwaka 1933 ilikuwa na namba 240, na watoto wa Marekani walinunua chingamu bila kukoma wakiitafuta namba 106, ambayo haikuwamo. Nafasi yake kwenye karatasi ilichukuliwa na Babe Ruth, namba 144, aliyechapwa mara mbili. Walioandika barua kulalamika walitumiwa kadi ya Napoleon Lajoie iliyobeba namba hiyo, nayo ilichapwa mwaka 1934 kwenye karatasi moja na kadi za mwaka huo. Karatasi zilizosalia zinamwonyesha Lajoie yuko pale pale kati ya wenzake wa 1934, wala hapabaki nafasi ya kubishana.

Prufu nazo husimulia mambo ambayo kampuni iliyabadilisha baadaye. Mchezaji Roger Maris alihamishwa kutoka timu ya Yankees kwenda Cardinals mwezi Desemba 1966, wakati kadi za mwaka uliofuata zikiandaliwa. Kadi iliyotoka madukani inamtaja kama mchezaji wa Cardinals, ila zipo prufu chache, nyuma tupu, zilizoandikwa Yankees. Reggie Jackson alijiunga na Yankees Novemba 1976. Prufu zake za mwaka 1977 bado zinamwonyesha na Orioles ya Baltimore. Mtu akizishika kadi hizi mbili, ya prufu na ya madukani, bega kwa bega, anaona uamuzi wa mhariri ambaye jina lake halijulikani, siku ambayo habari ya uhamisho ilifika mezani.

Hapo ndipo mabishano ya jamii hii yanapochemka. Je, tofauti ipi ni toleo halali na ipi ni dosari tu ya mtambo? Wazee wao wana kipimo: tazama kama mtengenezaji mwenyewe aligundua na akarekebisha. Katika T206, jina la Sherry Magee liliandikwa kwanza Magie, likasahihishwa. Hilo ni toleo bila ubishi. Mwaka 1974 Topps waliamini timu ya San Diego Padres ingehamia Washington, wakachapa kadi 15 zenye jina la Washington, kisha mfanyabiashara Ray Kroc akainunua timu ikabaki San Diego, na kadi zikabadilishwa. Hilo pia ni toleo. Lakini kadi ya Pancho Herrera ya mwaka 1958, ambayo katika nakala chache herufi ya mwisho ya jina haikushika wino, wapo wanaoiita ajali ya mtamboni, na wapo wasiokubali kusema seti yao imekamilika bila hiyo. Mabishano haya hudumu miaka, nayo yana faida yake, maana kila upande hulazimika kurudi kwenye karatasi kutafuta ushahidi.

Kazi inayonivutia kuliko zote ni ile ya T206. Haijajulikana hata karatasi moja kamili ya seti hiyo iliyosalimika. Wakusanyaji wameamua kuijenga upya kwa vipande. Kadi iliyokatwa vibaya, ambayo mtu mwingine angeitupa, kwao ni hazina: huenda juu yake limebaki jina la kadi iliyokuwa imepakana nayo. Kuna pia mikwaruzo. Mabamba ya kuchapia migongo ya Piedmont yalikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopita kutoka kadi hadi kadi, ikashika wino na kuacha mstari. Mtu akiwa na kadi yenye mstari unaoishia ukingoni, huitangaza picha ya mgongo wake, na mwenzake wa jimbo jingine hutazama sandukuni mwake kama anao mstari unaoanzia hapo. Mstari ukiungana na mstari, majirani wawili waliotenganishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita wanarudishiana mahali pao. Hakuna tajiri awezaye kuifanya kazi hiyo peke yake. Ndiyo maana kumficha mwenzako picha, katika kundi hili, ni aibu kuliko kukataa kumuuzia kadi.

Roho hiyo ya kushirikiana ina mzazi. Jefferson Burdick, mtu wa Syracuse aliyesumbuliwa na baridi yabisi maishani mwake, ndiye aliyezipanga kadi za Marekani kwa herufi na namba. Jina T206 limetoka kwenye orodha yake. Aliikabidhi Metropolitan Museum of Art ya New York vipande zaidi ya 300,000, akawa anakwenda mwenyewe kuvibandika katika vitabu hadi Januari 1963 alipomaliza kazi, na miezi miwili baadaye akafariki. Alitoa bure. Wakusanyaji wanaokutana kila mwaka katika kongamano la kitaifa lililoanza Los Angeles mwaka 1980 hulitaja jina lake kwa heshima anayopewa babu wa ukoo.

Adabu ya kushika karatasi hufunzwa kwa vitendo. Haikunjwi na, ikiwezekana, haiviringishwi, kwa sababu kadi za pembeni hupasuka rangi. Hulazwa kwenye droo pana kati ya karatasi zisizo na asidi, au hutiwa fremu mbali na dirisha, kwani jua hufifisha wino. Kabla ya kuuliza bei, mgeni hufundishwa kuuliza ilikotoka: kiwanda gani, mkononi mwa nani. Kisha huwekwa lenzi juu ya wino, kutazama vitone vya rangi, na huguswa unene wa karatasi, maana prufu za kughushi zipo.

Mwiko mkuu ni mkasi. Doti ya khanga hukatwa na kupindwa ndipo ifae kuvaliwa. Lakini karatasi ya kadi ikikatwa leo, inapoteza kile ilichobaki nacho peke yake. Mpangilio unapotea, pambizo zinapotea, na kadi inayotoka ni kadi ya kisu cha nyumbani, ambayo wakaguzi wazuri wanaitambua kwa kingo zake. Miaka ya nyuma wafanyabiashara walikata karatasi nyingi ili wawatoe nyota na kuwauza peke yao. Kadi maarufu kuliko zote, T206 ya Honus Wagner iliyonunuliwa na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mfanyabiashara Bruce McNall mwaka 1991 kwa dola 451,000, ilisifiwa miaka mingi kwa kingo zake zilizonyooka. Mwaka 2013 mnadi Bill Mastro alikiri katika mahakama ya Chicago kwamba yeye ndiye aliyezipunguza kingo hizo.

Hakuna sheria inayomzuia mwenye karatasi kuikata. Kinachomzuia ni jina lake mbele ya wenzake, na majina yana nguvu pale tu ambapo watu wanajuana. Soko linakua, na wengi wanaoingia sasa hawajawahi kukaa mbele ya mzee akawaonyesha mstari wa mkwaruzo. Kwa hiyo naunga mkono desturi inayoenea kati yao, ya kuipiga picha karatasi yote, mbele na nyuma, pamoja na pambizo, na kuitoa kwa kila anayetaka kabla ya kuiuza. Inafaa iwe wajibu na si hisani. Mnunuzi atapata karatasi yake, muuzaji atapata fedha zake, na elimu ambayo watu wengi waliichangia kwa mikono yao itabaki ya wote.